Karatasi Sita za Shangazi

Miaka ishirini na saba na miezi minne! Ndiyo muda ambao mwenzetu tunayemwita Shangazi amekitumikia Kitengo cha Programu, na Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, anastaafu rasmi. Nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na mitatu, ndiyo maana nikapewa kalamu. Nakiri mapema kwamba furaha niliyo nayo hainiruhusu kuandika kwa utulivu.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Wakati huo kitengo kilikuwa na kompyuta tatu, na moja ilikuwa ya kuwekea vikombe vya chai. Alijifunza Java, lugha ya kuandikia programu, kwa kusimama nyuma ya mafundi na kunakili walichoandika kwenye daftari, na baada ya miaka miwili mafundi hao hao ndio waliokuwa wakimfuata kumuuliza. Programu ya ratiba za masomo, inayotumiwa leo na shule mia mbili na arobaini, ilianzia mikononi mwake.

Ila ukitaka kumwona Shangazi akiwa Shangazi, mwite mnapoanzisha mradi mpya. Wasioijua kazi yetu wataniuliza, kwani hapo kuna nini? Wee acha tu! Kabla hujaandika hata mstari mmoja, lazima uiambie kompyuta faili zikae wapi, itumie Java ya toleo gani, na vile vipande vya programu tunavyoazima kwa wengine ivitoe wapi. Ukikosea hapo, kila kitu kinagoma na skrini inajaa maandishi mekundu.

Somo hilo alilipata kwa aibu. Mwaka wake wa nne aliunda mradi mzuri ajabu, lakini vipande vyote vya kuazima akaviweka kwenye folda ya kompyuta yake mwenyewe. Siku kompyuta hiyo ilipopelekwa kutengenezwa, kazi ya ofisi nzima ilisimama siku tatu. Hakumlaumu mtu. Tangu hapo msemo wake ni mmoja: mradi usiofunguka kwa jirani ni siri yako tu. Kila mgeni aliyeajiriwa hapa amefundishwa naye akiwa ameweka mikono nyuma, asije akashika kipanya cha mtu. Ukimwomba akubonyezee mara moja tu, anakuuliza kama na chakula akutafunie.

Sasa nije kwenye lililotuweka roho juu mwezi huu. Dada yake Shangazi alinunua vyerehani viwili ili wafungue chumba cha kushona. Kimoja kinafanya kazi. Cha pili kimefunikwa kitambaa tangu mwaka juzi, maana Shangazi alitaka kuondoka mapema nasi tukambembeleza abaki. Safari hii mkuu wa kitengo alishaandaa barua ya kumwongezea miezi sita, akihofia kwamba hakuna mwingine atakayeweza kuanzisha mradi. Shangazi akatoa sharti. Ameandika maelekezo ya karatasi sita. Akipatikana mtu asiyejua chochote akaanzisha mradi kwa karatasi hizo tu, barua ichanwe. Mtu huyo akishindwa, Shangazi ataisaini na dada ataendelea kusubiri.

Tukamchagua dereva wetu, Babu Gia, ambaye kwake kompyuta ni mzigo wa kupakia taratibu kwenye buti. Jumatatu alishindwa. Jumanne akashindwa tena, palepale kwenye karatasi ya tatu, mekundu tele. Mkuu akatoa kalamu mfukoni. Jamani, nilitamani kulia!

Ndipo Babu Gia akamwomba radhi Shangazi, akasema amefuata kila neno, ila hakuna mahali palipomwambia achague toleo la Java; kisanduku chake kwenye skrini alikiacha kitupu kama alivyokikuta. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Miaka yote hiyo Shangazi alikuwa akikijaza bila kufikiri, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani, hata akasahau kukiandika. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaazima kalamu ile ile ya mkuu, akaongeza mstari mmoja.

Jumatano asubuhi tulijaa chumbani hadi mhudumu wa chai akapanda juu ya kiti. Shangazi alisimama mikono nyuma. Babu Gia akasoma, akabonyeza, akasoma, akabonyeza. Karatasi ya tatu ikapita! Ya sita inakuambia uandike maneno yoyote unayotaka programu iyaonyeshe, kisha ubonyeze kitufe cha kijani. Alichapa kwa kidole kimoja, tukasubiri weee, akabonyeza. Hakuna jekundu hata moja! Skrini ikaandika: Shangazi, nenda ukashone.

Tulipiga kelele mpaka walinzi wakaja kuuliza kulikoni. Mkuu mwenyewe ndiye aliyeichana barua. Karatasi sita sasa zimebandikwa ukutani, na ule mstari wa kalamu tumeuacha kama ulivyo.

Ahsante, Shangazi, kwa subira yako, kwa ukali wako, na kwa kutokutushikia kipanya hata siku moja. Jumamosi asubuhi Babu Gia atakuja kukuchukua na kukupeleka kwa dada. Ukakifunue cherehani chako. Tunakuombea siku njema nyingi, na uzi usikukatikie.