Kimo cha Sauti ya Mama Immakulata

"Karame!" Itiko moja tu la Kirundi, la mwanamke, lilisikika usiku ule kwenye matete ya mto Malagarasi, mpakani. Wakikimbia mauaji ya Burundi, Nsengimana alikuwa amemwita mkewe kwa jina mara moja gizani, naye akaitikia mara moja, na wenye bunduki wakajua pa kuelekeza. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Sasa ni sabini na nane, mchana wa Alhamisi, na Nsengimana ameketi kwenye benchi mbele ya duka la Abbasi mjini Kasulu, kahawa ikimpoea mkononi. Tangu usiku ule hajalitamka jina la mkewe. Husema "mama Immakulata", basi. Keshokutwa binti yao, Immakulata, anaolewa. Baba mtu ameleta kaseti iliyovuka mto ndani ya mfuko wa unga: wimbo wa mkewe, ulionaswa na katekista mwaka mmoja kabla ya mauaji. Anataka santuri ya harusi inapokaribia kuisha, sauti ile iingie, na wachezaji waendelee bila mguu kusimama.

Fundi redio Stanislaus, waliyemwita Betri, alikuwa ameweka mashine ya kaseti kwenye benchi, ya santuri juu ya kreti la soda.

— Shida ni hii. Katekista alirekodi na betri zilizochoka. Ukiipiga kaseti kwa betri mpya, inakimbia.

Akabonyeza. Sauti nyembamba ikatoka mbio.

— Mama mtu huyo, au kifaranga? aliuliza Abbasi mwenye duka. Walimwita Bandari, kwa kuwa kila habari yake ilianzia bandarini Ujiji.

— Bandari, heshimu msiba.

— Naheshimu, bwana. Nimeuliza tu.

Betri akazungusha skrubu ndogo kwa bisibisi. Wimbo ukapunguza mwendo, na sauti ikashuka nayo.

— Mnasikia? Mwendo na kimo havitengani, ukigusa hiki umegusa na kile. Mashine yangu ya santuri ina kidude cha mwendo. Nitaipeleka kwa mama popote alipo, ngoma ziende sawa, magitaa yasigombane na koo lake. Ila kwanza nijue yeye mwenyewe yuko kwenye kimo gani. Baba Immakulata, hapa ndiye?

— Labda.

Akazungusha tena.

— Na hapa?

— Labda.

— Ni baridi hii ya kwenu, Bandari akadakia. Ujiji kaseti hunyooka yenyewe kwa joto. Huku milimani imejikunja, sauti ikabanwa. Ianikeni juani.

— Ianike kofia yako! Betri akafoka. Ikiyeyuka utaimba wewe?

Kipriani Keya, askari mstaafu, alikohoa kwanza, kama kawaida yake anapotaka kusikilizwa.

— Nyote hamjui. Sauti inazeeka. Huyu mama amekaa mle ndani miaka saba, amekua! Mshusheni zaidi, awe mtu mzima wa kuoza binti.

— Keya, kahawa imekupanda kichwani.

— Vitani huko Burma nilimwona mtu aliyeitwa na baba yake marehemu kwenye redio ya jeshi. Sauti ilikuwa na mvi!

Bandari alicheka hadi kikombe kikamwagika. Nsengimana hakucheka. Alikuwa anaona aibu iliyomshika tangu asubuhi, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Hakumbuki. Sauti iliyomwimbia kando ya moto, iliyomkemea kwa kuchelewa shambani, iliyomlaza mtoto, yote imefunikwa na lile itiko moja la matete. Kila akiitafuta sauti ya mkewe, hilo tu ndilo linalomjibu.

— Kwa nini tusimwite binti asikilize? Betri aliuliza kwa upole.

— Hapana. Akisikia mama asiye mama yake, tena kwenye harusi yake...

 Bandari akafuta kahawa iliyomwagika.

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni na debe tupu la mafuta ya taa. Ni Mwamvua, mgeni mtaani, aliyehamia kutoka Kibondo juzi. Alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani, kaka zangu. Anaitwa nani huyu mama?

Betri alimtazama Bandari. Bandari alimtazama Keya. Miaka sita ya kahawa, na hakuna aliyejua.

— Mama Immakulata, alisema Keya taratibu.

— Hilo la mtoto. Nauliza lake. Mume wangu alikuwa akiniita toka bondeni kila jioni, kimo kile kile, na mimi nikiitika juu yake kidogo, kila siku hivyo hivyo. Amekufa, lakini akiniita leo ningejua pa kuishika sauti yangu. Sasa kaka yangu, wewe ulimwitaje? Mwite hivyo hivyo, fundi aitafute sauti yake juu ya mwito wako.

Betri akaweka bisibisi kwenye skrubu, akangoja.

— Nikimwita, Nsengimana alisema, wanamsikia.

— Nani, baba? Betri akauliza. Hapa ni sisi tu.

Nsengimana aliweka kikombe chini. Alisimama, akageukia upande wa mashamba. Akapumua. Akaweka viganja viwili mdomoni, kama mtu anayemwita mwenzake aache jembe jioni, chakula kiko tayari nyumbani.

— Esteri! aliita. Esteriii!