Verla Hoekstra Hakuhesabiwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni kahawa karibu, na kama redio iko chini, iongezeni kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Verla Hoekstra wa hapa Tilden Fork, mpishi wa shule yetu kwa miaka ishirini na tisa. Alifariki Jumanne asubuhi jikoni kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Tulimzika jana.

Wengi wenu mmekula chakula cha mkono wake. Kila Alhamisi ya majira ya baridi palikuwa na bakuli la maharage yenye nyama na pilipili, na pembeni mkate wa mdalasini uliokunjwa kama konokono. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa watoto mia tatu. Hakuna mtoto aliyewahi kusimama na kumpigia makofi. Yeye mwenyewe alilisema hilo bila uchungu. "Ukiona sahani zimerudi tupu, ndiyo makofi hayo."

Binti yake, Colleen, ametuomba jambo moja. "Msimpambe mama," alituambia. "Semeni na habari ya mchujo. Mji mzima unaijua nusu tu." Tumepata pia ruhusa ya Bi Ardith Vander Ploeg, dada mkubwa wa marehemu. Kwa hiyo tutaisema yote.

Miaka minne iliyopita chama chao kilikuwa kikitafuta mgombea wa urais. Mnajua jimbo letu la Iowa linakuwaje katika miezi hiyo. Verla alikuwa upande wa Seneta Keane. Ardith alikuwa upande wa Gavana Rusk, tena alikuwa kiongozi wa kona ya Rusk, yaani kundi la wafuasi wake, katika mtaa wetu. Dada wawili, wagombea wawili. Nyumba zao ziko kwenye barabara moja, hatua mia tatu kati ya mlango na mlango.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Ardith alipita asubuhi na mbwa wake, akasimama mbele ya bango la kampeni la mdogo wake.

"Verla! Bango lako limeinama kama mgombea wako."

"Afadhali langu limeinama, dada. La kwako limefunika hata maua. Mama angekuchapa."

Jumapili walikaa benchi moja kanisani kama walivyokaa tangu utotoni. Hakuna aliyedhani kura ingeweza kuingia kati yao.

Mwezi wa Septemba kampeni ya Keane iliomba wenyeji wenye chumba cha ziada wawapokee wafanyakazi wake bila malipo. Verla alikuwa mjane na ghorofa yake ya juu ilikuwa tupu. Akampokea Tamsin Aldrich, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja kutoka Boston. Tamsin alikaa kwake miezi mitano. Alikula mezani kwake, akafuliwa nguo, na alipougua mafua Desemba, Verla alimpandishia supu ngazi kumi na nne mara tatu kwa siku. Alimwita Verla mama.

Tamsin ndiye aliyemfundisha Verla kutumia ukurasa wa mji mtandaoni. Kabla ya hapo ukurasa ule ulikuwa wa mbwa waliopotea na wa kuulizana nani anazoa theluji.

"Mama, watu wa hapa wanakuamini," Tamsin alimwambia. "Kosa lako ni moja, huandiki."

"Niandike nini, mwanangu? Mimi najua unga na mdalasini."

"Andika hivyohivyo unavyoongea. Mimi nitanyoosha."

Akaandika. Tamsin akanyoosha. Wasikilizaji, kila aliponyoosha, ncha ilizidi kuwa kali. Kufikia Krismasi jina la Verla Hoekstra lilikuwa likimwita Gavana Rusk mwongo na kibaraka wa wenye mabanda makubwa ya nguruwe. Watu ambao Verla hakuwajua, kutoka majimbo ambayo hakuwahi kufika, walimwekea alama za moyo. Mia mbili. Mia tano. Colleen anasema mama yake alikuwa akizisoma kwa sauti wakati wa kifungua kinywa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katikati ya Januari, Ardith alimwandikia mdogo wake ujumbe wa faragha. Kisima chake kilikuwa kimepimwa, na maji hayakufaa kunywewa kwa sababu ya uchafu wa mabanda ya nguruwe. Aliandika hivi: "Kwenye suala la visima hata mimi simwamini Rusk. Lakini nimeshasimama naye, sitamwacha njiani. Hili ni lako peke yako, mdogo wangu. Ukilisema nitakana."

Verla hakulisema. Tunarudia, wasikilizaji, kwa sababu nusu ya mji inaamini vingine. Verla hakulisema. Ila simu yake ilikuwa mezani, wazi, na Tamsin alikuwa akimsaidia kuitumia, kama kila siku.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili, Verla alifungua ukurasa. Picha ya ujumbe wa dada yake ilikuwa imewekwa pale kwa jina lake yeye, Verla, na juu yake maneno haya: "Hata kiongozi wake hamwamini." Alama za moyo zilikuwa zimeshafika mia tisa.

Alipanda ngazi kumi na nne na kugonga mlango.

"Tamsin, umefanya nini?"

"Mama, tulia. Hili ndilo litakalotushindisha."

"Huyu ni dada yangu!"

"Naelewa. Uchaguzi ukipita nitakusaidia kumweleza. Ukilifuta sasa, watasema ulidanganya. Siku kumi na tatu tu, mama."

Verla alishuka. Alimpigia dada yake simu mara moja tu. Simu haikupokelewa, naye, kwa maneno aliyomwambia Colleen baadaye, "nikashusha pumzi." Halafu akatazama tena ukurasa. Zilikuwa elfu moja na mia mbili. Alioka mikate kwa miaka ishirini na tisa bila makofi, na sasa makofi yalikuwa yakimwagika jikoni kwake. Akaliacha lile chapisho lilivyo. Hilo lilikuwa kosa lake, na hakulikana hadi anakufa.

Kwa Ardith mambo yalikuwa mengine. Watu asiowajua walimwita mnafiki. Wenzake wa upande wa Rusk ndio walikuwa wakali zaidi. Walitaka aachie kona, na mmoja aliweka picha ya nyumba yake mtandaoni, namba ya mlango ikionekana. Mwanamke wa miaka sabini na mbili alizima simu, akafunga mapazia, akaacha hata kumtembeza mbwa. Jumapili hiyo kanisani alihamia benchi la nyuma. Verla alikaa peke yake kwenye benchi lao.

Siku kumi na tatu zikapita. Jumatatu ya mkutano wa mchujo ikafika. Saa moja jioni milango ya ukumbi wa michezo wa shule ilifungwa. Ndani walikuwa watu mia na ishirini. Mnajua utaratibu wetu. Hapa mchujo haufanywi kwa karatasi na sanduku. Mtu husimama kwenye kona ya mgombea wake, mbele ya majirani zake, na huhesabiwa kichwa. Kona ikikosa watu kumi na wanane, inavunjwa, na waliokuwemo huhamia kwingine au huenda nyumbani.

Verla alikuja na trei mbili za mikate ya mdalasini kuwavuta wasio na upande. Aliweka meza yake kwenye kona ya Keane, chini ya goli la mpira wa kikapu la upande wa mashariki. Ardith alikuwa chini ya goli la magharibi na karatasi yake ya kuhesabia. Alikuwa amekataa kuachia kona.

Kona ya Keane ilihesabiwa. Watu kumi na sita. Pungufu wawili.

Verla alianza kuwaita watu kwa majina. Kabla hajamaliza jina la tatu, simu zote kumi na sita zililia kwa pamoja. Ujumbe ulitoka kampeni ya Keane. "Asanteni kwa moyo wenu. Tafadhali hamieni kwa Gavana Rusk, rafiki yetu wa kweli."

Rafiki yetu wa kweli.

Verla alimtazama Tamsin, aliyekuwa amesimama ukutani na beji yake.

"Huu ujumbe umeandikwa lini?" aliuliza. "Hesabu imetoka sasa hivi. Nani kaandika upesi hivi?"

"Mama, haya ni makubaliano ya juu..."

"Nimekuuliza lini."

"Jumamosi," Tamsin alijibu.

Jumamosi, wasikilizaji. Tangu Jumamosi, Tamsin alijua kwamba huenda wakaishia kona ya Rusk. Jumapili alikula nyama ya kuoka mezani kwa Verla, akasifu mchuzi. Na picha ya ujumbe wa Ardith ilikuwa bado ukurasani, ikimpiga adui ambaye sasa alikuwa rafiki wa kweli.

Watu kumi na watano walichukua makoti yao wakavuka uwanja kuelekea magharibi. Verla alibaki katikati, kwenye mstari wa mpira wa kikapu. Walikuwa na dakika kumi na tano za kuhama. Dale Kooiker wa duka la vipuri akapaza sauti:

"Njoo, Verla! Njoo na simu yako utupige picha!"

Watu wakacheka. "Leo unamwamini Rusk?" mwingine akauliza. "Au tumwulize dada yako?"

Ardith hakucheka. Verla alimtazama akingoja neno moja, hata la kumfukuza. Ardith aliinamisha macho kwenye karatasi yake. Mwenyekiti akatangaza dakika mbili. Verla akavaa koti, akaacha trei zake mezani, akatoka kwa mlango wa pembeni. Tangu alipotimiza miaka kumi na minane hakuwahi kukosa hesabu ya chama chake. Siku hiyo Verla Hoekstra hakuhesabiwa.

Asubuhi Tamsin alikuwa amekwisha kuondoka. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Ufunguo ulikuwa juu ya mto, na kando yake kikombe chenye jina la Keane. Wiki iliyofuata Seneta Keane alionekana kwenye televisheni akiwa ameinua mkono wa Gavana Rusk, wote wawili meno nje. Verla alizima televisheni, akafungua ukurasa, akafuta lile chapisho na mengine yote. Kisha akaandika moja la kwake, na halikunyooshwa na mtu:

"Maneno yale yalikuwa siri ya dada yangu. Sikuyaweka mimi, lakini niliyaona saa kumi na mbili asubuhi, na niliyaacha siku kumi na tatu kwa sababu nilipenda kusifiwa. Ardith hakunikosea kitu. Mimi nimemkosea."

Lilipata alama nne za moyo. Colleen, mchungaji, na wanafunzi wawili wa zamani. Wale maelfu hawakuonekana tena. Walikuwa wameshahamia kwenye ugomvi mwingine.

Kwa miaka minne, anasema Colleen, mama yake alifungua chapisho lile kila asubuhi kabla ya kahawa. Aliangalia orodha ya majina. Nne. Akafunga. "Nilimwambia, mama, nenda tu kwake, ni hapo. Akanijibu, 'Amenifungia mlango. Angekuwa amesamehe, angeweka alama.'"

Ijumaa tulimtembelea Bi Ardith. Ana miaka sabini na sita sasa. Tulimwuliza kama aliwahi kuliona chapisho lile. Alisema maneno haya, nasi tunayatoa kama yalivyo.

"Nililisoma siku ileile. Nililisoma mpaka nikalijua kwa kichwa. Lakini aliniuza kwenye ule ukurasa, halafu akaniomba radhi kwenye ule ukurasa, mbele ya walewale. Mimi nilitaka aje mlangoni. Nilikuwa nawasha taa ya barazani saa kumi na moja jioni, kila siku, ili ajue niko. Yeye alikuwa anaangalia simu, mimi naangalia mlango. Mbwa alikufa tukiwa bado tunangojeana."

Tulimwuliza kwa nini hakwenda yeye. "Mjivuni na mjivuni," alisema. "Baba yetu alituzaa wawili."

Wasikilizaji wapendwa, tumepokea pia salamu za rambirambi kutoka kwa mtu aliyewahi kuishi ghorofa ya juu ya nyumba ya marehemu. Zimeandikwa vizuri, kwa ufasaha mkubwa. Familia imetuomba tusizisome. Hatuzisomi.

Kwa niaba ya watangazaji na mafundi wa kituo hiki, tunatoa pole kwa Colleen na watoto wake, kwa Bi Ardith Vander Ploeg, na kwa wote waliokula mikate ya Alhamisi. Mwezi wa pili mtarudi ukumbini, kona kwa kona. Wagombea watakuja, watasema, wataondoka, nao watapatana wao kwa wao bila kuwauliza ninyi. Mtakaobaki hapa ni ninyi na majirani zenu. Basi mwenye neno na ndugu yake aweke simu chini, avae viatu, akagonge mlango. Na anayengoja kugongewa, atoke nje, akutane naye njiani. Hatua mia na hamsini kwa kila mmoja.

Jana baada ya mazishi, watu walipokuwa wakinywa kahawa kwenye ukumbi wa kanisa, Bi Ardith alimwendea Colleen na simu mkononi. Akamwomba amwonyeshe pa kubonyeza, maana macho yake si mazuri. Colleen akamwonyesha.

Sasa ni tano.