Timu Iliyonifichia Goti

Mwenyekiti wetu, kina mama, na nyinyi akina baba wawili mliokaa karibu na mlango kama watu wa kutoroka, nawasalimu nyote. Nimeambiwa nisimame mbele yenu nitoe ushuhuda. Naomba niongee nikiwa nimeketi, na mkinisikiliza mtajua sababu. Kwa urefu huu wangu hata nikiketi mnaniona.

Kwa wale hamnijui, mimi nimezaliwa upande wa Karurumo na sasa ninaishi hapa Majimbo, mjini Embu. Nilikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, ule wa kulipwa. Nilitolewa shuleni nikapelekwa Nairobi, timu ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Wengi wenu hamjui hizo timu zinavyofanya kazi, kwa hivyo wacha niwaeleze kidogo. Kampuni inakuandika kazi ya ofisini. Mimi niliwekwa kaunta. Asubuhi unahudumia wateja, alasiri unaenda mazoezi. Mshahara ni wa kaunta, lakini wewe unajua, na mkubwa wako anajua, kwamba umeandikwa kwa sababu unaruka. Ukiacha kuruka, hiyo kaunta si yako tena.

Sasa fikirieni mtu kama huyo aanze kuumwa na goti.

Langu lilianza kuvimba baada ya mazoezi, halafu likawa linavimba hata kabla. Kulikuwa na msichana mmoja kwa timu, tulikuwa tunalala chumba kimoja tukisafiri. Yeye ndiye alikuwa ananifunga bandeji tukiwa chumba cha kubadilishia nguo. Anaikaza mpaka machozi yananitoka, halafu ananivalisha ile soksi nene ya goti juu yake, kocha asione. Mimi nami nilikuwa namfunga kifundo cha mkono, kwa sababu yeye pia alikuwa na lake. Mwingine alikuwa na mgongo. Mwingine kidole kilikuwa kimekataa kukunjika. Kocha akiuliza nani ana shida, sote tunaangalia viatu vyetu. Akitoka, tunaanza kufungana.

Ndugu zangu, nawaambia, tulikuwa tunapendana. Hakuna aliyemsema mwenzake hata siku moja. Tulidhani hiyo ndiyo maana ya kuwa timu.

Siku ya kuanguka hakuna mtu aliyenisukuma. Niliruka kuchukua mpira, nikaupata, na nikishuka goti likaenda kando yake na mimi kando yangu. Nikalala sakafuni nikitazama taa za dari, na jambo la kwanza nililofikiria halikuwa uchungu. Nilifikiria kaunta.

Kampuni hawakunitukana. Walikuja kuniona, wakaleta matunda. Baadaye wakaniita, wakaniambia kwa upole kabisa kwamba pale kaunta panahitaji mtu wa kusimama kutwa nzima, na kwamba niende nyumbani nipumzike kwanza. Hilo neno "kwanza", mtu mzima analielewa.

Nyumbani sikuenda. Karurumo walikuwa wamenifanyia sherehe ya shukrani nilipopata ile kazi, mbuzi wakachinjwa, mchungaji akahubiri juu yangu. Ningerudi vipi nikichechemea? Nikakodi chumba hapa Majimbo. Nilidhani nitajificha. Lakini mtu mfupi anaweza kuharibikiwa polepole na watu wasijue. Mimi nikitoka tu kununua sukuma wiki, mama wa mboga ananiuliza siku hizi nachezea timu gani, watu wa boda wananiuliza, mwenye nyumba ananiuliza. Nikaacha kutoka.

Nikaanza kukosa kuoga. Chai naichemsha, naiangalia ikipoa. Goti likakauka nusu limekunjwa, na mimi nikaliacha hivyo. Nilikuwa naomba Mungu nisiamke. Nalisema hapa wazi, kwa sababu najua si mimi peke yangu kwa chumba hiki niliyewahi kuomba hivyo.

Sasa kuna jirani yangu. Ameketi hapa na amenikataza kumtaja, kwa hivyo msianze kugeuza shingo. Huyo mama alikuwa ananipigia mlango, namwambia niko sawa, anaenda. Siku moja hakuenda. Aliingia, akaangalia chumba, akaangalia mguu, akachukua simu yangu pale kitandani akatafuta nambari ya baba. Nilimsihi asipige. Nilimwambia kama ananipenda asiniaibishe. Akaniambia kukasirika nikasirike, nikipona tutasemezana. Na kweli nilimkasirikia sana.

Ili mwelewe kilichofuata lazima niwaambie jambo la kwetu, ingawa wa Embu wenzangu mnalijua. Mimi ni binti wa kwanza, nimepewa jina la mama yake baba. Kwa hivyo kwa baba mimi ni mama yake, na si kwa mzaha. Tangu nizaliwe ananiita Mama. Ndugu zangu walikuwa wanatumwa maji, mimi ninaombwa. Mama yangu akichukua mwiko, baba anamwambia usinipigie mama. Mzee huyo hajawahi kuniamrisha. Nilidekezwa, nakubali, na ndugu zangu hawajanisamehe mpaka leo.

Akafika asubuhi na nduma kwa gunia. Nilijua atanibembeleza, na nilikuwa nimejipanga. Ningemwambia Baba niache nipumzike, na yeye angeniacha, kwa sababu hajui kunikatalia. Alisimama pale mlangoni, akavua kofia, akaniambia kwa Kiembu:

"Mama, uniwie radhi. Leo nimekuja kama baba yako. Toka kwa hicho kitanda."

Sikujua mwili wangu utafanya nini. Nilianza kutoka. Nilikuwa mtu mzima, na nilitoka kitandani kama mtoto, nimeshika ukuta. Akaniketisha, akapiga magoti, akakunja suruali yangu na kuliangalia lile goti.

"Lilianza kuuma lini?"

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Daktari wa timu aliniuliza nilivyoanguka. Nikamwambia baba lilianza zamani, msimu mzima kabla sijaanguka.

"Na wenzako walijua?"

"Walijua, Baba. Wao ndio walikuwa wananifunga."

Nilidhani atawalaani. Akasema tu, "Watoto maskini," akaanza kulia, na mimi nikalia, na huyu jirani yangu nje kwa korido naye analia. Nilikuwa sijalia tangu siku ile nilipoanguka.

Siwezi kuwadanganya kwamba siku hiyo nilipona. Nilipelekwa hospitali, madaktari wakasema tumechelewa, watatengeneza kinachotengenezeka. Kanisa la nyumbani, wale waliokula mbuzi wangu, wakachanga bila kuniuliza swali. Nilipasuliwa. Kunyoosha ule mguu tena ilikuwa mateso, na kuna siku nilimtukana dada wa hospitali aliyekuwa ananifanyisha mazoezi ya mguu, akaendelea kuukunja tu. Sitacheza tena. Hilo bado linaniuma kuliko goti, na nikisikia mpira ukidunda uwanja wa shule napitia njia nyingine. Lakini ninatembea. Ninauza dawa za mifugo na mbegu hapa mjini, nikiwa nimeketi kwa kiti kirefu, na jioni ninarudi nyumbani nikiwa na njaa. Hamjui ni zawadi gani kuwa na njaa.

Ninamshukuru Mungu, na baba yangu, aliyerudi kuniita Mama siku iyo hiyo jioni na kuniomba maji ya kunywa. Ninamshukuru yule dada wa mazoezi. Na ninamshukuru jirani yangu, aliyekubali nimchukie. Kama kuna kitu nimejifunza ni hicho. Mtu anayekusaidia kuficha anakupenda, sikatai. Lakini aliyeniokoa ni yule aliyekataa kunifichia.

Ningemalizia hapo, lakini kuna jambo bado limenikalia kifuani. Yule rafiki aliyekuwa ananifunga bandeji bado yuko kwa ile timu. Alinipigia juzi. Mkono sasa hawezi kuinua sufuria, na wikendi hii anacheza. Nikamwambia amwambie kocha. Akaniambia, "Wewe ulikuwa na baba wa kuja kukuchukua." Ni kweli, yeye hana.

Jana nimemtafuta kocha kwa simu, nikamwambia kila kitu. Rafiki yangu ameshajua, na hataki kusikia sauti yangu. Labda wiki hii atakosa timu na kaunta pamoja, na mimi ndiye nimefanya hivyo. Sikulala. Lakini nimemtumia nauli kwa simu, na ujumbe wa kumwelekeza njia ya hapa Majimbo. Akifika mtamtambua, ni mrefu kuliko mimi. Mpeni kiti, mpeni chai, halafu mtu aje aniite dukani. Nitakuja, hata kama hataki kuniona.