Kompyuta ya Chumba cha Tatu Haijakaguliwa

Mgeni rasmi, Bwana Ambrose Snook, mkuu wa mitambo ya zahanati za pwani hii, muuguzi wetu, Dada Effie, wazazi wenzetu:

KARIBU
Karibu Harrow Cove, na pole kwa mawimbi. Barua tatu tumeandika, tumechoka. Leo tunasema kwa mdomo.

TULIKOTOKA
Zamani majibu ya damu yalikuja na kivuko. Bahari ikichafuka, tunangoja. Mkatuletea kompyuta tisa zilizounganishwa na hospitali ya mjini.

MAFANIKIO
Majibu yakawa yanafika siku hiyohiyo. Hilo hatulisahau.

CHANGAMOTO
Kila kompyuta lazima iwe na cheti cha usalama ndani yake. Bila hicho hospitali haiitambui, haiipi kitu. Mwezi wa tatu vyeti vya zamani viliisha muda, vipya vikatumwa kwa mtandao, fundi wenu akaja kuhakikisha vimeingia. Alikagua ya mapokezi tu, akatia alama tisa kwenye fomu.

"Na hizo nyingine, mwanangu?" Dada Effie akamuuliza.

"Mapacha hao, bibie. Ukimwona mmoja umewaona wote. Kivuko hakinisubiri."

"Hata mapacha mama yao huwaogesha mmoja mmoja!"

Akacheka, akaenda zake.

Ya chumba cha tatu haikuwa pacha. Ililetwa baadaye, ya kwanza ilipovujiwa na paa. Cheti hakikuingia, na humo ndimo majibu ya watoto hufunguliwa. Tukadhani hospitali imechelewa, maana fomu ilisema zote nzima.

Siku sita tukangoja. Myrtle, miaka saba, binti wa mwenzetu Verna Keeping anayesoma risala hii, ana kifafa. Dawa ilikuwa imemzidi mwilini, na majibu yalishaandikwa kule hospitalini. Siku zote sita Verna alimpa dawa ileile, asubuhi na jioni, kwa mkono wake. Ya sita mtoto akaanguka jikoni, hata kumwita mama yake hakuweza.

MAOMBI
Hatuombi fundi afukuzwe. Arudi, alale hapa, vitanda vipo. Aketi mbele ya kila kompyuta, akione cheti kwa macho na tarehe yake ya kuisha, ndipo atie alama. Dada Effie atie sahihi pembeni.

Na nyie wazazi wa vijiji vingine mliokuja, sikieni: fomu haina macho. Kaulizeni kwenu.

Chai na mkate wa molasi vipo mezani, mgeni wetu, lakini tuanzie chumba cha tatu, tafadhali. Myrtle anatolewa damu tena Alhamisi. Leo Jumanne.

Mungu akuvushe salama, akukutanishe na wanao wakiwa wazima.

Ni sisi,
Wazazi wa Zahanati ya Harrow Cove