Utepe na Chungu Baridi

Mheshimiwa Meya Austbø, Ndugu Mkurugenzi wa kampuni, wageni waalikwa, na ninyi wenzangu mlioshuka jana kutoka jukwaa letu la kuchimbia mafuta baharini mkiwa bado mnanuka mafuta: habari za mchana.

Mimi Oddlaug Tjelta, msemaji wa wachimbaji, nimepewa mkasi niifungue maabara hii ya saruji hapa Stavanger. Ni heshima kubwa. Mkuu wa maabara, Ndugu Sigbjørn Våge, ametuambia kwamba saruji ya kushikiza bomba la kisima chetu imepimwa asubuhi hii katika joto na mgandamizo wa kisimani, ikafaulu. Kisha akaimimina kutoka kwenye jagi, ikatiririka kama uji wa mgonjwa, nanyi mkapiga makofi.

Sikupiga. Uji wa mezani una habari gani za chini ya bahari? Kule joto huiharakisha saruji kuganda, na mgandamizo huizidishia haraka. Ikigandia ndani ya bomba, kisima kimeziba. Ikikawia mno, gesi hupenya ikapanda hadi tunapolala. Ndiyo maana tumenunua chungu kile cha chuma, kinachoikoroga saruji katika hali ileile ya kisimani.

Sisi wachimbaji, mtambo tunausalimia kwa kiganja. Nilipoingia, nilikigusa, nikamgeukia Ndugu Sigbjørn.

“Bosi, mbona baridi hivi?”

“Chuma cha kisasa, dada. Kinapoa upesi.”

“Kuliko kahawa yako ya asubuhi, ambayo bado ina joto?”

“Oddlaug, wewe ungemshuku hata mchungaji aliyekubatiza!”

“Kama beseni lilikuwa kavu, ndiyo.”

Waliokuwa karibu walicheka. Nami nilicheka. Lakini kesho helikopta inatupeleka kuisukuma saruji hiyohiyo kisimani, na mwanangu Eirik yumo katika zamu. Je, nimwambie imepimwa, au nimwambie tumeambiwa imepimwa?

Ndugu Sigbjørn, maabara nzuri kuliko hii sijaiona, na huenda nimekosea. Basi jaza chungu, ukiwashe sasa hivi, mbele ya Meya. Kipimo kitachukua saa kadhaa. Mikate ya maziwa ipo, jibini ipo, tutangoja.

Swichi iko mkono wako wa kuume.

Mbona unamtazama Mkurugenzi?

Basi, waheshimiwa, mkasi nautia mfukoni. Utepe huu nitaukata siku chungu kile kitakapokuwa hakishikiki kwa moto, na kabla ya hapo hakuna mchimbaji atakayepanda helikopta. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Ketini, tafadhali, shughuli ndiyo kwanza inaanza.