Mzee Rudia na Kiti cha Pili

Hapana jamani, hakuna mwingine anayeletwa. Kila anayekuja dirishani kwangu kutoa kopi ananiuliza hilo hilo, basi nalijibu hapa mara moja, wote msikie. Mzee Rudia, mtunza rekodi wa idara yetu ya muziki, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Nafasi yake haijajazwa. Ofisi imesema asipopatikana mtu wa kuishika kazi, chumba cha rekodi kinafungwa.

Mhariri wa jarida letu hili aliponiomba niandike habari za mzee nilidhani ananitania. Shule mimi niliiacha darasa la sita, na hapa nipo kwa kopi na kujalidi ripoti za wanafunzi. Akaniambia, "Andika wewe, maana ndiye uliyemsumbua kuliko wote."

Mzee alianza kama mbeba vinanda. Siku moja wamepandisha kinanda ghorofa ya pili, kakaa kwenye ngazi apumue, akasikia mwanafunzi anakosea pale pale mara nne. Akaingiza kichwa mlangoni: "Rudia, mwanangu, lakini polepole." Jina likaanzia hapo. Kusoma noti alijifundisha mwenyewe, kwa karatasi alizookota kwenye pipa la taka. Miaka mitatu baadaye akakabidhiwa ufunguo wa chumba cha rekodi.

Chumba chenyewe ni rafu tano, spika mbili, meza moja na viti viwili. Kiti cha kwanza chake. Cha pili ni cha kila mwanafunzi anayemaliza utafiti wake, awe amepiga, amechambua au ametunga. Rekodi inalia, kidole cha mzee kinatembea juu ya noti, mwanzo mpaka mwisho. Kidole kikisimama, ujue kuna kosa, na jasho linakutoka. Mkewe anasema hata nyumbani, redio ikilia tu, kidole kinatembea kwenye kitambaa cha meza.

Sasa niseme langu. Mwaka mmoja, mzee yuko likizo ya ugonjwa, binti mmoja mpiga fidla aliniletea utunzi wake asubuhi ya onyesho, mbio mbio. Karatasi hazina namba. Nikazidondosha, nikaziokota, nikatoa nakala, nikajalidi. Kurasa za katikati zikahamia mwisho. Wapigaji walikuwa wageni, noti ndiyo kwanza wanaziona, basi wakapiga na kurekodiwa kama nilivyojalidi. Watahini wakasifu, ukumbi ukapiga makofi. Binti kimya.

Mwaka uliofuata kijana wa uchambuzi akaandika kurasa thelathini juu ya utunzi ule. Alisema pale katikati kuna mruko wa kijasiri ajabu. Ripoti nikaijalidi mimi mwenyewe, nikaona ule mchoro wa mruko, nikasema moyoni, kweli hawa watu wamesoma!

Mzee akamkalisha kiti cha pili. Lakini mbele yake akaweka rasimu ya binti ya penseli, ambayo alikuwa ameihifadhi. Kidole kikasimama. Rekodi inaenda huku, penseli inaenda kule. Akatuita wote.

Binti akaanza kulia. "Walipiga makofi, babu. Ningesemaje?"

Kijana alibakiwa na siku nne za kukabidhi, na kazi ikikataliwa mwaka wake umepotea. Mimi natazama viatu vyangu. Mzee angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Hakufoka pia.

"Uchambuzi wako si mbaya, mwanangu," akamwambia kijana. "Umemchambua huyu hapa vizuri sana." Akaninyooshea mimi kidole. "Tatizo ni kwamba huyu hajui hata noti ya do iko wapi."

Tukacheka mpaka binti akafuta machozi. Halafu mzee akamwuliza kijana swali moja: kwa nini hakumwuliza aliyetunga, na anaishi jengo la pili? Siku zile nne wawili hao walikaa pamoja, na kijana akaandika upya: namna sikio linavyotafuta maana hata kwenye kosa. Akafaulu. Utunzi ukarekodiwa tena kwa mpangilio wake. Rekodi zote mbili ziko rafuni, na mnisamehe, mimi bado naipenda ya kwangu.

Nimelifikiria sana jambo hili wiki hizi. Bila mzee kukaa na kusikiliza, kosa langu lingekuwa elimu. Mwanafunzi angemnukuu mwanafunzi, na mwalimu angelifundisha darasani kwa moyo safi kabisa. Hakuna aliyekuwa mwongo. Ni kwamba tu hakuna aliyekuwa amesikiliza.

Mzee wetu, asante kwa masikio yako na kwa subira yako. Nenda kapumzike, ule kwa wakati, mama akuchoke kidogo kwa kukuona nyumbani mchana. Tunakuombea siku nyingi za amani na afya.

Na wewe unayesoma, usiondoke. Nimebembeleza ofisi mpaka ikakubali: tukijaza zamu kumi za saa moja kila wiki, chumba hakifungwi. Mzee amenifundisha kufuata noti mwezi mzima huu, natambaa lakini nafika. Basi tupatane hivi. Wewe chukua zamu moja, ukae usikilize kazi ya mwenzako mpaka mwisho. Mimi ripoti yako naijalidi bila foleni, muhula mzima. Jumatatu nimeichukua mimi. Zimebaki tisa. Nikuandike siku gani?