Mlango Usio na Kitasa

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Februari 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba alikuwa fundi saa. Anayesoma maneno haya ni mdogo wake wa mwisho, aliyebebwa sana mgongoni mwake. Jana wakubwa wa familia walimwambia, "Soma mazuri tu, usimvue nguo mbele za watu." Lakini marehemu mwenyewe, alipokuwa bado anaweza kushika kalamu, aliandika kwamba kisa cha mlango kisomwe. Kwa hiyo mtatuvumilia.

Shuleni alikuwa wa kwanza kila muhula, mpaka akatuchosha nyumbani. Mwaka 1977 alihitimu chuo kikuu katika saikolojia. Mama akiulizwa mwanawe kasomea nini, alijibu, "Kupima akili," na majirani wakataka kujua ni nani kwetu kapata wazimu.

Januari 1978 aliajiriwa ofisi ya upimaji wa wanafunzi, ghorofa ya pili, chumba chenye meza moja, viti viwili vifupi na saa ya kuhesabia sekunde. Kipimo kilitungwa kuonyesha mtoto amekwama wapi ili asaidiwe. Wakubwa wake kazini walitaka kitu chepesi zaidi: mwenye alama arobaini au zaidi abaki shuleni kwake, aliyepungukiwa apelekwe darasa la wazito wa kuelewa. Naye akawapa walichotaka. Tulimwita Bwana Kipimo, akavimba kichwa, na sisi tukavimba naye.

Mwaka 1979 alimwoa mkunga. Siku ya kwanza kuongea, alimuuliza maswali kumi na mawili, moja baada ya jingine. Mkunga akajibu yote, kisha akasema, "Sasa zamu yangu. Kupika unajua?" Kaka yetu alipata sifuri, na ndoa ikadumu miaka arobaini na minne.

Mei 1984 mfagiaji wa ofisi ile alimleta binti yake wa miaka minane. Marehemu alimwonyesha picha za vitu vilivyopungukiwa na kitu fulani, ataje ni kitu gani. Kwenye picha ya mlango usio na kitasa, mtoto alitazama akasema, "Haupungukiwi kitu. Mlango ndio huo." Marehemu akamwandikia kosa. Jumla ikawa thelathini na tisa. Mama mtu aliambiwa binti yake ni mzito, naye akashukuru, kwa sababu wasomi wamesema. Aliendelea kufagia chumba kile kila asubuhi.

Agosti 1987 mfagiaji aliugua, marehemu akampelekea karatasi zake za likizo nyumbani. Alisimama mlangoni akipapasa kutafuta kitasa, asikione. Sauti ya yule binti ikatoka ndani: "Vuta kamba, mjomba."

Alituambia aliikumbuka ile picha pale pale. Mwezi uliofuata alimpima upya, akapata hamsini na sita. Lakini miaka mitatu ya kusuka vikapu katika darasa la wazito hairudishwi. Msichana alirudishwa darasa la kawaida, kukaa na watoto wanaomfika begani, wakamcheka, na baada ya mwaka akaacha shule. Marehemu alibaki kazini hadi 2008. Kila mwanafunzi wa kazi aliyemfundisha alimpa swali moja: "Ukishapata alama za huyu mtoto, utamsaidiaje?" Wengi walimsifu kwa hilo. Nyumbani aliandika barua za kuomba radhi, akazichana zote. Aliona haya, na sisi tuliojua tukaona haya, tukanyamaza naye.

Mwaka 2019 alianza kusahau. Daktari kijana alimwonyesha picha, akashindwa kuitambua saa, yeye mtoto wa fundi saa. Aliinamisha kichwa akauliza, "Nimepata ngapi? Mtanipeleka wapi?" Daktari akamwambia, "Hupelekwi popote, mzee. Nataka kujua nikusaidie wapi." Kaka yetu akalia mbele za watu.

Machi 2022 yule msichana, sasa fundi wa kushona viti, mama wa watoto wawili, alikuja kumtazama. Kaka hakumtambua. Alimshika mkono, akamsimulia mambo ya mlango mwanzo hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Wewe unamfahamu huyo binti? Mwambie nilikosea mimi, hakukosea yeye."

Mgeni akamjibu, "Namfahamu. Nitamfikishia."

Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne. Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano, dada yetu mkubwa, na mdogo wake huyu anayewasomea. Fundi wa viti amekaa safu ya pili kutoka nyuma. Kama ujumbe ulifika hatujamuuliza, maana hatuna uso wa kumuuliza.

Kaka, kisa chako tumekisoma. Pumzika sasa, na amani iwe nawe.